Mume amesema nichague: CPA au nyumba yangu

"Shikamoo mshauri. Nina miaka 27, mume wangu 31. Huu ni mwaka wa tatu wa ndoa yetu, tuna binti wa mwaka na miezi miwili, bado ananyonya. Tunaishi Gongo la Mboto, tumepanga chumba, sebule na jiko. Mimi ni msaidizi wa mhasibu kwenye duka la jumla Kariakoo. Naingia saa 2 asubuhi natoka saa 11 jioni, Jumamosi natoka saa 7 mchana. Siku tatu kwa wiki nikitoka kazini napitiliza darasani kujiandaa na mitihani ya Novemba ya CPA, cheti cha taaluma ya uhasibu, siku hizo nafika nyumbani saa 4 usiku. Mume wangu ni fundi umeme kiwandani, Barabara ya Pugu, wiki moja zamu ya mchana, wiki nyingine ya usiku. Dada wa kazi alikwenda kwao Desemba kula sikukuu, hakurudi. Januari akaja mama mkwe kutoka Korogwe kutulelea mtoto, yupo mpaka leo, mwezi wa saba.

Mwanzo tulikaa vizuri. Sasa mama anawaambia majirani, mwanamke gani anarudi nyumbani saa nne usiku. Mume nikimwomba anisaidie anasema 'we niambie tu nifanye nini'. Nikimwambia anafanya leo, kesho kasahau. Mimi nikijibu najibu vibaya. Tendo la ndoa limebaki jina. Wiki iliyopita tuligombana kwa sababu ya gesi kuisha, akasema yeye ndiye anayelipa kodi ya nyumba na sasa nichague, hiyo CPA au nyumba yangu. Nalala saa 5 na nusu usiku, naamka saa 10 na nusu alfajiri nisome kidogo, na katikati mtoto ananiamsha mara mbili. Naogopa kupata mimba sasa hivi, ila sijaona siku zangu tangu nijifungue, na niliambiwa nikiwa nanyonyesha sishiki. Mume wangu nampenda. Je, niache shule mpaka mtoto akue?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu na karatasi. Umemaliza kwa kuuliza kama uache shule, lakini ninavyokusikia, kinachokunyima raha ni hofu kwamba nyumba inakuponyoka na kwamba wa kulaumiwa ni wewe na vitabu vyako. La shule nitalijibu. Ila kuna jambo umelipitia haraka kwenye mistari ya mwisho, na hilo siwezi kuliacha lisubiri zamu yake.

Ni la mimba. Aliyekuambia mama anayenyonyesha hashiki mimba alikupa nusu ya maneno. Kunyonyesha kunakinga kwa masharti matatu, na yote lazima yawepo kwa pamoja: mtoto hajafikisha miezi 6, anaishi kwa maziwa ya mama peke yake usiku na mchana, na mama hajaona siku zake. Mtoto anaponyonya mara kwa mara, mwili hutuliza zile homoni zinazopevusha yai. Binti yako sasa anakula ugali, na mchana kutwa wewe uko Kariakoo. Umebaki na sharti moja kati ya matatu, na hilo moja halikingi kitu, kwa sababu yai hupevuka kwanza, damu hufuata kama wiki mbili baadaye. Mtu anaweza kushika mimba bila kuona siku zake hata mara moja tangu ajifungue. Nimewaona kina mama wanaokuja kulalamikia uchovu, kumbe wana miezi minne. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, nenda zahanati wiki hii, upimwe mimba, kisha uzungumze na muuguzi kuhusu njia ya uzazi wa mpango. Kwenye vituo vya serikali huduma hiyo ni bure. Mwambie unanyonyesha, zipo njia zisizopunguza maziwa. Na kama mumeo yuko zamu ya usiku, mwende wote asubuhi kabla hajalala.

Sasa nirudi kwenye karatasi yangu. Wiki ina saa 168, ya waziri na ya mama ntilie. Kazini kwako zinakwenda 50: saa 45 za kazi yenyewe, ambazo ndizo kikomo cha kawaida cha sheria yetu ya ajira ya 2004 bila ovataimu, na 5 za mapumziko ya mchana ambazo bado uko mjini. Barabarani nimekuwekea saa 3 kwa siku kwa siku 6, yaani 18, na hapo nimekuhurumia, maana siku ya mvua njia ile inajulikana. Darasani saa 9. Kusoma alfajiri saa 6. Jumla 83, zinabaki 85. Mtu mzima anahitaji walau saa 7 za usingizi kwa siku, yaani 49 kwa wiki. Ukizitoa hizo unabaki na saa 36 za kupika, kufua, kumwogesha mtoto, kumnyonyesha, ibada, msiba wa jirani, kusuka nywele na kukaa na mumeo mkaongea. Hazitoshi. Na wewe ulishagundua kuwa hazitoshi, ndiyo maana umekwenda kukopa kwenye usingizi: saa 2 kila usiku, 14 kwa wiki. Ni kama vile kila wiki kuna siku mbili hulali kabisa, na bado sijahesabu zile mara mbili za kuamshwa na mtoto.

Nimekaa sana kwenye hesabu hiyo kwa sababu watu wengi wakifika ulipofika wewe huanza kutafuta ubaya kwenye mioyo. Upendo umeisha, mume amebadilika, mama mkwe ana roho mbaya, mke amejifanya msomi. Huenda yapo. Lakini kabla ya kwenda huko, tazama mkopo huo unafanya nini mwilini. Ukiwa macho, ubongo hukusanya kemikali inayoitwa adenosini. Inavyozidi kujaa ndivyo unavyozidi kubanwa na usingizi, na kulala ndiko kunakoiondoa. Ukiamka mapema mno unaanza siku na baki la jana. Kahawa haiondoi baki hilo, inakuzuia tu usilisikie kwa muda. Sehemu ya kwanza kulegea ni ile ya mbele ya ubongo, inayomwambia mtu "subiri, usijibu hivyo". Ile inayowaka kwa hofu na hasira inabaki bila breki. Ndiyo maana unajibu vibaya kisha unajuta kabla hujamaliza sentensi.

Mimi mwenyewe nilisoma diploma ya ustawi wa jamii nikiwa na mtoto wa miezi tisa. Siku moja nilipitiwa na usingizi kwenye daladala, konda akaniamsha mwisho wa gari, nikarudi kwa miguu, nikaingia nyumbani na kumfokea mume wangu kwa sababu nimemkuta amekaa. Kosa lake lilikuwa hilo tu, amekaa.

Tena usingizi ndio muda ambao ubongo unapanga na kuhifadhi yale uliyosoma mchana. Hiyo saa moja ya alfajiri unayoipora ili ufaulu inakula kile kile ulichosoma jana darasani. Ningekushauri uiache leo, kabla hata hatujafika kwenye mambo ya mume.

Tuje kwenye gesi. Hapa nataka unisome polepole, na ikiwezekana mumeo naye asome.

Mtungi wa gesi hauishi ghafla. Kuna mtu ndani ya nyumba ambaye kichwani mwake anajua uliwashwa lini, maharage yalichemshwa mara ngapi, na kwamba tarehe hizi huwa inakaribia kukata. Mtu huyo huyo anajua kliniki ya mtoto ni lini, viatu vya mtoto vimeanza kumbana, mchango wa kikao cha harusi ya binamu umebaki elfu 30, mchele umefika nusu ya ndoo, na mama dawa zake za presha zinaisha Ijumaa. Hakuna anayemwona akifanya kazi hiyo kwa sababu haina jasho. Mimi huiita kazi ya kukumbuka. Haina likizo, inaendelea hata darasani mwalimu akifundisha kodi. Kwenye nyumba yenu kazi hiyo yote iko kwako, na siku ulipochoka ukasahau kitu kimoja, gesi ikaisha, na ikaonekana umeshindwa nyumba.

Mumeo anaposema "niambie tu nifanye nini", naamini anasema kwa moyo safi. Anadhani kinachokosekana ni mikono, na mikono anayo. Haoni kwamba kumwambia nako ni kazi: ukumbuke, uchague muda wa kusema, useme kwa sauti isiyomuudhi, kisha ufuatilie. Ukishafanya yote hayo unaona heri ungefua mwenyewe. Ndipo mke anaacha kuomba, mume anadhani mambo yametulia, na kumbe kinachotulia ni mdomo tu.

Mfano mzuri uko kazini kwake. Kiwandani hakuna msimamizi anayemfuata kila asubuhi kumwambia kagua jenereta, angalia fyuzi za mashine ya pili. Amekabidhiwa. Ikizima, ni yake. Ikikaribia kuzima, yeye ndiye wa kwanza kujua. Nyumbani hajawahi kukabidhiwa kitu, amekuwa kibarua wa siku. Basi acha kumwomba msaada, mkabidhi vitu vizima, vichache, vyenye mwanzo na mwisho. Ningeanza na viwili. Cha kwanza, gesi, maji na umeme wa LUKU: kujua vimebaki kiasi gani, kutenga hela, kununua, na lawama vikiisha. Cha pili, jioni ya mtoto kwa wiki zake za zamu ya mchana. Barabara ya Pugu na Gongo la Mboto ni upande mmoja wa mji, anakutangulia kufika hata siku ambazo huna darasa. Kuoga, uji, kulala, viwe vyake tangu anapoingia.

Na ukishakabidhi, ondoka mlangoni. Atamvalisha mtoto gauni nyuma mbele. Uji utakuwa mzito. Ukimsahihisha mara tatu atakurudishia kazi yako na atakuwa na sababu. Kubalianeni mapema mambo machache yasiyojadiliwa, kama mtoto kunawa mikono na maji ya kunywa yaliyochemshwa, mengine ajifunze mwenyewe kama ulivyojifunza wewe.

Kwa upande wake nami niseme, kwani sijamsikia na ningependa kumtendea haki. Zamu inayobadilika kila wiki inachosha kuliko watu wanavyodhani. Saa ya ndani ya mwili inafuata mwanga wa jua, na inachukua siku kadhaa kuhama. Ikikaribia kuzoea usiku, wiki imeisha, anarudishwa mchana. Usingizi wa mchana ndani ya chumba cha bati, mtoto akilia, si usingizi kamili. Kwa hiyo wiki za usiku usimpe mtoto asubuhi nzima ukaona umepata suluhisho. Saa moja baada ya kurudi, amnyweshe mtoto uji na kumwogesha, mama akiwa bado anapumzika, inatosha, kisha alale mpaka alasiri. Inawezekana kabisa ugomvi wa gesi ulikuwa wa watu wawili wenye madeni ya usingizi, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye aliyelala.

Neno lake la "mimi ndiye ninayelipa kodi" ulichukulie kama neno la hasira, lakini msiliache bila kulijibu, maana hili huwa linarudi. Najua hamuachani. Ila ajue kwamba nchi hii ilishalijadili mahakamani: mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Na wewe juu ya hizo za nyumbani unaleta mshahara. Siku mkiwa watulivu, chukueni karatasi muandike anacholipa yeye na unacholipa wewe: kodi, chakula, nauli, ada ya darasa, hela za nyumbani kwenu na nyumbani kwao, makato ya Bodi ya Mikopo kama ulisoma kwa mkopo, ambayo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Nimeshakaa na wanandoa ambao kila mmoja aliamini yeye peke yake ndiye anayebeba nyumba, mpaka karatasi ilipojaa pande zote mbili. Na tafadhali, pengo lolote litakaloonekana hapo msiende kuliziba kwa mkopo wa kausha damu. Nyumba changa nyingi nilizoziona zikivunjika zilivunjwa na marejesho ya kila wiki, shule haikuhusika.

Sasa mama mkwe. Hapa utaniwia radhi, kwa sababu nitasimama upande wake kidogo.

Unatoka saa 12 asubuhi. Siku za darasa unarudi saa 4 usiku. Hizo ni saa 16. Kiwandani kwa mumeo hizo ni zamu mbili mfululizo, na kiwandani wanabadilishana watu. Mama yako huyo yuko peke yake na mtoto ambaye ndiyo kwanza ameanza kutembea, umri wa kuvuta kila kitambaa cha meza na kukimbilia kila ndoo ya maji. Ametoka Korogwe ambako ana nyumba yake, shamba lake, kuku wake, jumuiya yake na mashoga zake wa miaka 30. Masika yote imepita akiwa kwenye chumba cha kupanga, Dar es Salaam, akimtazama mjukuu. Na katika barua yako yote, mdogo wangu, hakuna mahali ulipoandika kwamba mtu alimuuliza mama anataka kukaa mpaka lini. Mlimwita kwa dharura ya Januari, dharura ikageuka utaratibu, hakuna aliyetangaza.

Maneno ya kwa majirani si mazuri, wala sikuambii uyapende. Lakini mwanamke wa umri wake hawezi kumwambia mkwewe "nimechoka, nataka kwenda kwangu". Ataonekana amemtupa mjukuu. Kwa hiyo uchovu unatokea kwa mlango mwingine, kwenye saa unayorudi. Nikisikia "mwanamke gani anarudi saa nne usiku", nasikia pia "na mimi nimeshika mtoto mpaka saa nne usiku".

Mnahitaji mpango wa kumpumzisha, na hakuna mpango usio na gharama. Dada wa kazi mwingine ni njia rahisi kuanzisha na ngumu kudumisha. Mkimchukua, awe mtu mzima, mwandikiane mshahara, siku yake ya kupumzika na likizo, msije mkampoteza tena kwa sikukuu. Wengi wanaoaga na wasirudi wanakuwa wamechoka muda mrefu na hawakuwa na namna ya kusema. Kituo cha kulelea watoto mchana, tunaita dei kea, ni cha uhakika zaidi kwa saa lakini hakitakusubiri mpaka saa 4 usiku, na mwaka wa kwanza mtoto huleta mafua kila mwezi. Kabla ya kulipa, uliza cheti cha usajili, nenda siku ambayo hujatoa taarifa, hesabu watoto kwa kila mlezi, tazama wanakolala na choo. Mimi ningechanganya: dei kea mpaka jioni, mumeo anamchukua wiki za mchana, na mama anabaki mpaka mtoto azoee, kisha anarudi kwake akiwa na heshima zake zote, nauli na doti ya kitenge. Wiki za usiku ndizo ngumu, kwa sababu yeye anaondoka jioni. Hapo lazima jioni zako za darasa zipungue, na hilo ndilo linatufikisha shuleni.

Niache mpaka mtoto akue? Mtoto anakua kufikia wapi? Akifika miaka mitatu mtakuwa mnafikiria wa pili, akifika umri wa shule ni mambo ya darasa la kwanza. Sijawahi kuona mwaka unaomfuata mama mlangoni na kumwambia mimi ni mtupu, niingize vitabu. Lakini pia sikubaliani na wale watakaokuambia kaza buti, Novemba ni karibu. Ulivyo sasa, ukikaza buti kuna kitu kitakatika, na sijui kitaanza kipi, mtihani, afya au ndoa.

Unachosahau ni kwamba mitihani mikuu ya Bodi ya Wahasibu hufanyika Mei na Novemba. Kusogeza mbele ni miezi sita. Kati ya kuacha na kukaza kuna chumba kipana, na mumeo alipokuambia uchague alikuwa anaona milango miwili tu, nawe ukaingia kwenye hesabu yake. Mweleze hivyo, kwa maneno ya kawaida. Mwambie pia unachosomea kitaileteaje nyumba faida, kwa sababu wanaume wengi husikia "CPA" miaka miwili bila kuambiwa ina maana gani kwenye mshahara, na asiyejua kitu kinaelekea wapi hukiona kama mpinzani.

Ushauri wangu ni huu. Punguza jioni za darasa kutoka tatu hadi mbili, moja tu au usiende kabisa wiki za zamu ya usiku, na uwaombe wenzako madaftari. Saa ya chakula cha mchana kazini iwe ya kusoma mara tatu kwa wiki. Alfajiri lala. Kisha nenda kwa mwajiri wako na jambo ambalo naona hujalitumia: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha nafasi ya kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Kutoka Kariakoo kwenda Gongo la Mboto kunyonyesha na kurudi ni kichekesho, kwa hiyo omba kwa adabu na kwa maandishi mkubaliane uzitumie mwisho wa siku, utoke saa 9 siku ambazo huna darasa. Anaweza kuvutana nawe kuhusu mpangilio huo. Hata akikubali saa moja, unaikwepa foleni kubwa na unafika mtoto akiwa macho.

Jaribuni hivyo mpaka mwisho wa Agosti. Ukiona unalala saa 6 na nusu au 7 na masomo yanasogea, nenda na Novemba, hata kama ni kwa masomo machache kuliko uliyopanga. Ukiona bado unalala saa 5, sogeza hadi Mei bila kulia. Uliza Bodi mapema tarehe za mwisho na ada, ili uamuzi usifanywe na kalenda kabla yenu.

La chumbani nitasema kidogo. Mama anayenyonyesha ana homoni ya maziwa nyingi na ya kike kidogo, na hiyo peke yake hupunguza hamu na kuleta ukavu unaoumiza. Ongeza uchovu na hofu ya mimba isiyosemwa. Ni mwili, na mweleze hivyo, kwa sababu akiachwa akisie atakisia mwanaume mwingine darasani. Uzazi wa mpango ukipatikana na usingizi ukirudi, mengi hapo hulegea yenyewe. Maumivu yakibaki, mwambie muuguzi, usione haya.

Yapo mambo ambayo barua haiwezi kuyatibu. Ukienda zahanati kwa ajili ya kipimo cha mimba, omba wakupime na wingi wa damu, kwani upungufu wa damu baada ya kujifungua unaleta uchovu ambao hata ulale siku nzima hauondoki. Kama kuna majonzi yasiyoisha zaidi ya wiki mbili, huoni raha hata ya mtoto, au yanakujia mawazo kwamba heri usingekuwepo, usisubiri kumaliza mpango wangu wala wa mtu. Nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, Amana iko upande wenu, useme hivyo hivyo bila kupunguza neno. Na kama ile kauli ya "chagua" itakuja siku moja na mkono ulioinuliwa, au akuzuie kwenda kazini au akunyang'anye mshahara, hayo si ya kukaa kikao cha watu wawili. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimpi yeyote ruhusa ya kumpiga mwenzake. Dawati la Jinsia na Watoto liko kwenye vituo vya polisi. Kwa ugomvi wa kawaida unaozunguka pale pale, ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri au baraza la usuluhishi la kata linaweza kuwakalisha, na kama mna mchungaji, shehe au msimamizi wa ndoa mnayemheshimu wote, anzeni kwake.

Jumapili hii mama akishakula, kabla ya kikao chenu cha gesi na karatasi za matumizi, mpelekee chai mwenyewe, mkae wawili. Usianze na majirani. Mshukuru kwa miezi hii sita, useme saa 16 ni nyingi na umeziona. Kisha muulize: "Mama, ungependa kurudi nyumbani lini?" Tarehe atakayotaja iandike, na mipango mingine yote ipangeni kuanzia hapo. Majibu ya zahanati yakitoka, niandikie.